Jamani, moshi siyo maendeleo

Najua nimekuwa kimya tangu chuo kifunguliwe. Test zimefuatana, boom limechelewa kama kawaida, na laptop niliyokuwa naazima mwenyewe kaihitaji. Lakini juzi jioni pale vimbwetani nilikasirika mpaka nikashindwa kusoma, nikasema hili lazima niliandike kabla halijapoa.

Ilikuwa hivi. Mwenzetu mmoja, simtaji, alikuwa anatuonyesha kwenye simu picha ya kiwanda kinachotoa moshi mzito, akasema, "Nchi ikianza kutoa moshi ujue imeanza kula." Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba Wazungu walitoa moshi miaka mia mbili wakatajirika, sisi tukianza tu kuwasha wanatuletea habari za mazingira. Wakagongeana mikono. Mimi nikauliza: nani kati yenu amewahi kukaa upande unaokoelekea huo moshi? Kimya. Halafu mmoja akasema, "Dada, hiyo ndiyo gharama ya ajira. Vumilieni."

Vumilieni. Hilo neno ndilo lililonitoa kwenye vitabu.

Mimi kwetu Tanga, mtoto wa Makorora. Wengi mnaijua Tanga kwa baiskeli, madafu na "waja leo waondoka leo". Lakini Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mliokwenda mapango ya Amboni mmeyaona kwa macho yenu, yale mapango ni maji yaliyokula jiwe hilo kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana saruji inatengenezwa Pongwe, na ndiyo maana upande wa Amboni na Kiomoni kuna kazi ya chokaa. Jiwe hilo limewalisha watu wengi, wakiwemo ndugu zangu. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka viwanda vifungwe. Sitaki. Nataka kitu kingine, nitafika.

Mwaka jana BTP nilipangiwa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji. Shule siitaji. Nilifundisha kemia kidato cha pili na cha tatu. Upande wa kusini wa shule kuna tanuri la chokaa la mtu binafsi, siyo kubwa, lile la kupanga mawe na kuni kwa mikono. Na BTP yetu mnajua huwa Julai mpaka Septemba, wakati upepo wa kusi umeshika. Kwa hiyo kila wakiwasha, moshi na vumbi vinakuja moja kwa moja madarasani. Mzee mmoja jirani wa shule nilipomsalimia akaniambia, "Mwanangu, subiri kaskazi iingie, itawageukia wa upande ule." Yaani wao wameshazoea kwamba moshi una zamu, miezi hii unawapiga hawa, miezi ile unawapiga wale.

Nilikuwa kwenye mada ya vumbi na gesi zinazochafua hewa. Kitabu kinaeleza vizuri kabisa, ila mifano yote ya mbali. Nikaona huu ni upuuzi, tunasoma habari za Ulaya na dirishani kuna somo zima. Nikanunua manila nyeupe, tukakata vipande, tukavipaka mafuta ya mgando ili vumbi likituа linase. Wanafunzi wakaweka kipande kimoja dirishani darasa la kidato cha pili linalotazama tanuri, kimoja getini karibu na barabara, kimoja nyuma kabisa chini ya mwembe, na kimoja jikoni wanapopika chakula cha wanafunzi. Hicho cha jikoni, niseme ukweli, tuliweka ili tu vitimie vinne. Akili yangu yote ilikuwa kwenye tanuri.

Tukavitoa baada ya siku tatu. Cha mwembeni kilikuwa na chembe chache. Cha getini kimekuwa cha kahawia. Cha dirishani kimejaa unga wa kijivu, ukiupitishia kidole unahisi mchanga. Cha jikoni kilikuwa cheusi ti, kama kimepakwa rangi ya viatu.

Darasa likanyamaza, maana kila mtu alimfikiria mama yule anayetupikia. Banda la bati, halina bomba la moshi, mafiga ya mawe, masufuria mawili makubwa ya maharage na ugali, kuni mbichi zinazolia. Kila asubuhi nikipita, "Shikamoo mama," naye, "Marahaba mwanangu," halafu anakohoa mpaka anashika nguzo. Nilikuwa nimepita pale wiki nne nikisikia kikohozi hicho, na bado nilikuwa nimemnyooshea kidole mwenye tanuri peke yake.

Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Madam, sasa tukishajua ndiyo tufanye nini?" Nikasema tutaendelea kipindi kijacho.

Kipindi kijacho hakikuwepo. Mkuu wa shule aliniita ofisini, kwa upole tu, akaniambia, "Madam, umekuja kufundisha au kutafuta kesi? Hao wa tanuri ndio waliotuchangia kujenga choo. Na wiki ijayo wakaguzi wanakuja, vile vikaratasi vitoe." Nikavitoa. Nilikuwa namuwazia supervisor wangu na alama zangu. Alama nilipata, nzuri tu. Yule binti hakupata jibu. Basi haya ninayoandika leo ni jibu lake, limechelewa, na ninyi mliocheka vimbwetani mtalisoma kwa niaba yake.

Tuanze na hoja ya ajira. Kaka wa mwanafunzi wangu mmoja anabeba mawe pale tanurini. Anajifunga kitambaa mdomoni, jioni kope zote nyeupe. Nilimuuliza kama anataka lifungwe. Akasema, "Dada, likifungwa sisi tutakula nini? Mimi nataka moshi upande juu tu usinipige." Mmesikia? Anayekula kwenye hiyo ajira hajasema tuvumilie. Wanaosema tuvumilie ni watu waliokaa vimbwetani kwenye kivuli.

Na siyo kweli kwamba lazima uchague kati ya kazi na kifua. Kukamata vumbi la kiwanda siyo sayansi mpya. Kuna mifuko mikubwa ya kitambaa ambamo hewa ya tanuri inapitishwa, vumbi linabaki ndani kama chai inavyochujwa. Kuna mitambo inayolichaji vumbi kwa umeme likanasa kwenye mabamba, sawasawa na kitana ulichosugua kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Huo mtambo Mmarekani Frederick Cottrell aliufanya ufanye kazi viwandani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na kwenye saruji vumbi linalokamatwa linarudishwa kwenye uzalishaji, ni mali. Kiwanda kinachoacha vumbi lipeperuke kinatupa bidhaa yake hewani. Na mitambo hiyo inahitaji fundi wa kuitunza na mtu wa kuipima. Hizo nazo ni ajira, au ajira ni ya kubeba mawe tu?

Sasa salfa. Hapa wana sayansi wenzangu mnisaidie, wa arts mvumilie kidogo. Salfa imo kwenye makaa ya mawe, imo kwenye mafuta mazito na dizeli, imo hata kwenye tairi kwa sababu mpira hutiwa salfa ili ukaze. Kuni zina salfa kidogo sana, lakini siku kuni zikiwa haba pale tanurini nimeona kwa macho yangu tairi likitupiwa. Salfa ikiungua inakuwa gesi inayochoma koo na kubana kifua, mwenye pumu anaijua kabla hujaiona. Haiishii hapo. Ikikaa hewani inageuka chembe ndogo ndogo zinazosafiri mbali. Chembe za mikroni 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, zinapita puani, zinapita kooni, zinafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachoshauri cha chembe hizo mpaka mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 10.

Na hiki ndicho kilichonichekesha kwa uchungu nilipokuwa najiandaa na somo. Mnajua dunia inasafisha salfa kwa kutumia nini? Chokaa! Vituo vya umeme vya makaa ya mawe vinanyunyizia moshi wao uji wa mawe ya chokaa, salfa inanaswa, inageuka jasi, na jasi hiyo inauzwa kwa viwanda vya saruji. Hata ndani ya tanuri la saruji lenyewe sehemu kubwa ya salfa hunaswa na chokaa iliyomo. Marekani baada ya sheria yao ya 1990 wamepunguza gesi ya salfa kutoka vituo vya umeme kwa zaidi ya 90%, na taa hazijazimika. Kwa hiyo jiwe la Tanga ndiyo dawa ya moshi wa watu wengine, halafu mtoto wa Tanga anaambiwa avumilie moshi.

Hoja ya pili: Wazungu nao walichafua. Ndiyo, walichafua, na walizika. Desemba 1952 London ilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe siku tano, moshi wa viwanda na wa majiko ya kupashia nyumba joto. Hesabu ya kwanza ilikuwa vifo kama 4,000, watafiti wa baadaye wakasema huenda ni mara tatu yake. Mwaka 1956 wakatunga sheria ya hewa safi. Sasa mtu akiniambia tupite njia ile ile mpaka na sisi tuzike ndipo tutunge sheria, nitamuuliza anataka tuanze na mtaa upi. Aanze na wa kwao.

Wao walikosea hata kwenye dawa. Walijenga mabomba marefu ili moshi upande juu, kama anavyotaka yule kaka wa tanurini. Jirani alipata nafuu, lakini salfa ikasafiri ikanyesha kama mvua ya tindikali huko Sweden na Norway, samaki wakafa ziwani. Bomba refu linahamisha tu. Kwetu ni kama kusubiri kaskazi.

Hoja ya tatu mliyoitoa, kwamba sisi maskini hatuwezi. Hii ndiyo ya uongo kuliko zote, kwa sababu tumeshaweza. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sisi tukiwemo, zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kabla ya hapo hapa kwetu ilikuwa inaruhusiwa mpaka 500. Punguzo la mara kumi! Nani kati yenu alikosa basi la Tanga mwezi huo? Daladala ya Kange iliacha kuja? Na Januari 2020 meli za dunia nzima zikalazimishwa kushuka kutoka mafuta ya salfa 3.5% mpaka 0.5%, au zifunge mtambo wa kuisafisha. Bandari yetu ya Tanga imepanuliwa na meli kubwa zinafunga gatini siku hizi, zinafuata sheria hiyo hiyo. Kiwango kiliandikwa, kikapewa tarehe, kikafuatwa, maisha yakaendelea.

Basi kwa nini kwenye tanuri na jikoni hatuoni hivyo? Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa ni za 2007, zinataja salfa na zinataja vumbi. Hizo kanuni zina umri mkubwa kuliko wanafunzi wengi wa shule niliyofundisha. Tatizo langu ni kwamba mtu wa kawaida, mwalimu, mzee wa mtaa, mama wa jikoni, haoni namba yoyote. Maji tunapewa bili yenye uniti. Umeme tunaona uniti zikikimbia kwenye luku. Hewa tunaambiwa tu "iko sawa" au "vumilieni". Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Manila nne za shule moja zilitolewa ukutani kwa sababu zilionyesha. Kama vikaratasi vyenye mafuta ya mgando vinatisha watu, mashine ya kweli je?

Na sasa nije jikoni, maana hapo ndipo niliposutwa mwenyewe. Sisi pwani hatuwashi moto wa kupasha nyumba joto, moto wetu ni wa kupikia, na idadi kubwa ya Watanzania wanapika kwa kuni na mkaa. Serikali yenyewe imetaja vifo kama 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo ni 80% ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034. Vizuri sana. Kabla yake taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa mpaka mwisho wa Januari 2024 kuacha kuni na mkaa. Shule niliyofundisha inalisha zaidi ya 100. Na mwaka jana nimekula pale chakula cha kuni, siku zote za BTP.

Simlaumu yule mama. Mtu akiniletea hoja kwamba akina mama ndio wanaochafua hewa kwa mkaa wao, kwa hiyo viwanda viachwe, tutagombana. Yeye hakuchagua zile kuni, alikabidhiwa. Na yule wa kusema jikoni siyo shida, shida ni viwanda vikubwa tu, naye nimeshaona manila yake, nyeusi ti. Pafu halina macho ya kuchagua moshi wa tajiri na moshi wa maskini. Anayewasha ndiye mwenye wajibu: mwenye kiwanda kwa chimni yake, mwenye tanuri kwa tanuri lake, na shule kwa jiko lake.

Ninachotaka ni hiki, na siyo kikubwa.

Kwanza, kila kiwanda kinachochoma kitu kibandike getini kwake, kwa Kiswahili, namba za vumbi na salfa kila mwezi, na pembeni yake kiwango cha sheria. Kama kiko ndani ya kiwango, kitajisifu bure bila kulipia tangazo.

Pili, mashine za kupima hewa ziwekwe shuleni na kwenye zahanati zilizo karibu na viwanda na matanuri, namba zisomwe na walimu na wanafunzi.

Tatu, matanuri madogo yasifukuzwe, yasaidiwe. Wapewe mkopo wa kujenga tanuri bora linalokula kuni kidogo, kuni ziwe kavu, mawe yamwagiwe maji yanapopondwa, wafanyakazi wapewe barakoa za vumbi siyo vitambaa. Ila tairi, hapana. Anayechoma tairi atozwe faini, tena siku hiyo hiyo.

Nne, amri ya majiko ya taasisi iende na fedha yake. Gesi, bayogesi, umeme, chochote kinachowezekana, na pale ambapo bado, jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi nje liwe jambo la mwezi huu, siyo la 2034. Bomba ni bati na fundi. Shule iliyoweza kupata mchango wa choo haiwezi kukosa bomba.

Tano ni yetu sisi. Wadau, karibu wote humu tunakwenda kuwa walimu. Tutapangwa Handeni, Muheza, Pangani, Mkinga, Lushoto. Siku ya kwanza ukifika usianze na ofisi ya mkuu peke yake, pita na jikoni, usimame dakika tano. Kisha nunua manila. Na wakikuambia uitoe, usifanye kama mimi. Angalau uliza kwa nini, kwa sauti, mbele ya wenzako kwenye kikao cha walimu.

Nimemtumia yule kaka wa tanurini kitambaa? Hapana, nimemtumia barakoa tatu kwa basi, kwa hela ya boom lililobaki. Najua hazitoshi hata wiki mbili. Amenijibu, "Asante dada, ila wenzangu wanazigombania." Na mama wa jikoni nasikia bado yupo, bado anakohoa, na kaskazi imeshaingia, kwa hiyo kidato cha pili wanapumua vizuri kidogo. Zamu sasa ni ya wa upande ule.

Mwenzangu wa vimbwetani, nchi haijaanza kula kwa kutoa moshi. Njoo Tanga nikupeleke ukale huo moshi siku moja tu, nauli nitachangia, halafu turudi kwenye ile picha uicheke tena.

Nawasilisha. Nirudi kusoma, kesho nina test saa mbili asubuhi na sijagusa chochote.